SOMO LA SOKO: Unga wa aloi ya kuzibia meno, biashara ya fedha yenye tarehe ya mwisho

Wafanyabiashara wanaofuatilia bei za madini huangalia dhahabu kwanza, kisha shaba, na fedha huja nyuma. Hata hivyo fedha ni madini yenye wateja wengi wa viwandani, na mteja mmoja wa zamani amekaa vinywani mwa mamilioni ya watu. Huyo ni mzibo wa rangi ya kijivu ambao daktari wa meno huuweka kwenye jino lililotoboka. Mzibo huo unaitwa amalgamu. Hutokana na unga wa aloi ya fedha, bati na shaba uliochanganywa na zebaki, na kwa uzito zebaki hukaribia nusu ya mchanganyiko mzima.

Wiki hii tunaeleza jinsi unga huo unavyotengenezwa, gharama yake inakaa wapi, na kwa nini mtu anayeletewa pendekezo la kununua kiwanda cha aina hii anapaswa kukaa chini na karatasi na kalamu kabla ya kutia sahihi. Umoja wa Ulaya umeamua kuachana na bidhaa hii. Kiwanda kinapofungwa mashine haziyeyuki, hutafutiwa mnunuzi mahali pengine kwa bei ya kuvutia. Mnunuzi huyo anaweza kuwa mwekezaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala.

Ili kuondoa mkanganyiko, katika makala haya neno fedha lina maana ya madini tu. Zile za kulipia tutaziita pesa.

BIDHAA YENYEWE

Unga wa aloi peke yake ni vumbi la chuma lenye rangi ya fedha. Daktari anapouchanganya na zebaki hugeuka uji mzito unaoweza kushindiliwa kwenye tundu la jino, kisha baada ya muda mfupi hukauka na kuwa mgumu wa kutafunia. Hiyo ndiyo siri ya bidhaa hii kudumu sokoni tangu karne ya 19. Ni rahisi kuiweka, haisumbuliwi sana na mate, na huvumilia miaka mingi ya kutafuna.

Njia yake haikuwa laini. Ndugu wawili wa familia ya Crawcour waliipeleka Marekani mwaka 1833, na mchanganyiko wao ulikuwa duni kiasi kwamba chama cha madaktari wa meno cha huko kiliwataka wanachama wake waahidi kutoitumia. Ugomvi huo ulikivunja chama chenyewe mwaka 1856. Aliyeipa bidhaa hii heshima ni G. V. Black wa Chicago, ambaye katika miaka ya 1890 alipima aloi moja baada ya nyingine. Alifikia mchanganyiko ambao kwa muda mrefu ulikuwa ndio mwongozo wa viwanda: fedha zaidi kidogo ya theluthi mbili, bati kama robo, shaba kama asilimia 5, na zinki kidogo.

Mchanganyiko huo ulikuwa na kasoro moja. Sehemu ya bati iliungana na zebaki na kutoa kiungo dhaifu, kinachopata kutu na kumomonyoka pembezoni mwa mzibo. Mwaka 1963 watafiti wawili wa Canada, Innes na Youdelis, walieleza aloi iliyoongezewa chembe za fedha na shaba. Ikaonekana kwamba shaba ikizidi kiasi cha asilimia 12 hulivuta bati upande wake na kile kiungo dhaifu hutoweka. Tangu hapo aloi zenye shaba nyingi zilichukua soko.

Kwa mfanyabiashara, badiliko hilo lilikuwa na faida ya pili. Shaba ni rahisi kuliko fedha. Kila asilimia ya fedha iliyopunguzwa bila kuharibu ubora ilibaki mfukoni mwa mtengenezaji.

JINSI UNGA UNAVYOTENGENEZWA

Zipo njia kuu mbili, na mashine zake ni tofauti kabisa.

Ya kwanza ni njia ya kukereza. Madini huyeyushwa pamoja katika tanuri lililozuiwa hewa, kisha humiminwa kwenye kalibu na kutoa mkuo wa mviringo wenye unene wa kama sentimita 4 na urefu wa sentimita 20 hadi 25. Hapa ufundi unaanza. Fedha huyeyuka nyuzi 962 za Selsiasi, shaba nyuzi 1,085, bati nyuzi 232 tu. Zinki nayo huchemka na kuwa mvuke ikifika nyuzi 907, yaani kabla fedha haijayeyuka. Fundi asiyejua mpangilio wa kuyatia madini hayo ataona zinki yake ikiondoka kama moshi. Aidha, fedha iliyoyeyuka hufyonza oksijeni ya hewani, na ikipoa huirudisha kwa kutema. Ndiyo sababu tanuri la wazi la mhunzi halifai kazi hii.

Mkuo ukishapoa, ndani na nje yake havilingani kwa mchanganyiko. Kwa hiyo hurudishwa kwenye joto la nyuzi kama 400 kwa saa kadhaa, wakati mwingine hadi saa 24, ili madini yasambae sawasawa. Baada ya hapo mkuo hufungwa kwenye mashine ya kukereza na kunyolewa vipande vidogo, ambavyo husagwa na kuchekechwa. Chembe zinazopatikana zina urefu wa kama maikroni 60 hadi 120, na maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Chembe kubwa mno au ndogo mno hurudi tanurini.

Hatua ya mwisho huachwa na watu wasio na subira, nayo ndiyo inayotenganisha unga wa kuuzika na unga wa kurudishwa. Chembe zilizokatwa karibuni huwa na mkazo ndani yake, na zikikutana na zebaki hukauka haraka kupita kiasi. Zikikaa ghalani mkazo huo hupungua polepole, na unga wa Januari hautakauka kwa kasi ile ile mwezi Juni. Daktari hawezi kufanya kazi na bidhaa inayobadilika tabia. Kwa hiyo kiwanda huuzeesha unga kwa makusudi, kwa joto la nyuzi 60 hadi 100 kwa saa moja hadi sita, baada ya kuusafisha kwa asidi. Hapo ndipo hutulia.

Njia ya pili ni ya kunyunyizia. Aloi iliyoyeyuka hupitishwa kwenye tundu jembamba na kupigwa na gesi yenye shinikizo kubwa, kama vile argoni au nitrojeni, ndani ya mnara uliofungwa. Matone huganda yakiwa bado hewani, na hutua chini yakiwa duara kama punje za mtama, ila ni madogo mno: kuanzia maikroni chache hadi kama 40. Unga wa duara huhitaji zebaki kidogo zaidi, na huweza kutosheka na asilimia 42 hivi pale ambapo unga wa kukereza unataka karibu 50. Viwanda vingine huchanganya aina zote mbili, kwa kuwa madaktari wengine hupenda uji unaoleta ukinzani unaposhindiliwa.

Zinki inastahili neno la ziada. Huwekwa ili ichukue oksijeni wakati wa kuyeyusha na kuyakinga madini mengine. Lakini aloi yenye zinki ikipata unyevu wakati daktari anaiweka, hutoa gesi ya haidrojeni ndani ya mzibo, na siku chache baadaye mzibo huvimba na kumletea mgonjwa maumivu. Ndiyo maana aloi huuzwa kwa makundi mawili, yenye zinki na isiyo na zinki. Kukosea lebo hapa ni kukosea tiba.

HESABU YA MADINI

Sasa tuje kwenye pesa. Bei tunazotumia hapa ni za mfano tu ili hesabu iwe nyepesi. Msomaji aweke bei ya siku yake. Tuseme fedha ni dola 30 kwa wakia (gramu 31.1), bati dola 30,000 kwa tani, na shaba dola 9,000 kwa tani. Aloi yetu ina fedha asilimia 60, bati 28 na shaba 12.

Katika kilo moja ya unga kuna:

Fedha gramu 600, sawa na wakia 19.29: dola 579.
Bati gramu 280: dola 8.40.
Shaba gramu 120: dola 1.08.

Jumla ni kama dola 588, na zaidi ya asilimia 98 ya hiyo ni fedha. Bei ya bati ikipanda mara mbili, kilo ya unga itapanda kwa dola 8 tu. Fedha ikipanda kutoka dola 30 hadi 50 kwa wakia, kilo hiyo hiyo itapanda kwa karibu dola 386. Mwenye kiwanda hiki, apende asipende, ni mfanyabiashara wa fedha.

Na fedha si madini tulivu. Januari 1980, wakati ndugu wa familia ya Hunt wa Texas walipokuwa wamekusanya shehena kubwa mno, wakia moja ilikaribia dola 50. Kufikia mwisho wa Machi mwaka huo huo ilikuwa imeanguka hadi karibu dola 11. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 iliuzwa chini ya dola 4. Machi 2020 ilikuwa karibu dola 12, na Oktoba 2025 ilivuka dola 50.

Chukua sasa karakana inayotengeneza kilo 100 kwa mzunguko mmoja. Ndani yake kuna kilo 60 za fedha, yaani dola 57,870 kwa bei yetu ya mfano. Kutoka siku ya kununua madini hadi siku mteja analipa, tuseme inapita miezi miwili. Bei ikishuka asilimia 10 katikati ya safari, na mteja akadai bei mpya, karakana imepoteza dola 5,787 bila mtu yeyote kufanya kosa kazini. Viwanda vizoefu hujikinga kwa kufunga bei ya fedha siku ile ile oda inapopokelewa, au kwa kuuza unga kwa utaratibu wa "bei ya fedha ya siku pamoja na gharama ya kazi". Mwekezaji asiye na mpango huo anacheza kamari, hata kama kibao mlangoni kinasema kiwanda.

Upo upotevu mwingine wa polepole zaidi. Vumbi la kukereza, mabaki ya chekecheo, maji ya kuoshea kwa asidi, hata matambara ya kufutia meza, vyote vina fedha ndani yake. Ikipotea asilimia moja tu katika mzunguko wa kilo 100, zimekwenda gramu 600, karibu dola 579. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika karakana hii daftari ni mizani: kinachoingia tanurini asubuhi lazima kilingane na kinachotoka jioni pamoja na mabaki.

FAIDA INAKAA WAPI

Hesabu ikigeuzwa upande wa mnunuzi inaonyesha jambo jingine. Kapsuli ndogo ya kawaida ina miligramu 400 za unga. Kilo moja hutoa kapsuli 2,500, na fedha iliyomo katika kila moja haizidi miligramu 240, sawa na senti 23 za dola kwa bei yetu ya mfano. Fedha ikifika dola 50, ni senti 39. Kwa daktari nyongeza hiyo ni ndogo. Anacholipia ni uhakika kwamba kapsuli ya leo itafanya kazi kama ya jana.

Uhakika huo una kanuni zake. Kiwango cha kimataifa ISO 24234 kinataka aloi iwe na fedha isiyopungua asilimia 40, bati isiyozidi 32, shaba isiyozidi 30 na zinki isiyozidi 2. Pamoja na hayo, mzibo hupimwa nguvu ya kuhimili mgandamizo, kiasi unachotanuka au kusinyaa, na jinsi unavyotepeta taratibu chini ya mzigo. Vipimo hivi vinahitaji maabara, na vinahitajika kwa kila toleo la unga. Hapa kwetu vifaa vya tiba viko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na kwa vyovyote hospitali haitanunua unga usio na karatasi zake.

Kwa maneno mengine, asiye na maabara na sifa hulipwa bei ya madini tu, na bei ya madini haiachi faida. Faida iko katika upimaji, ufungaji na jina.

TAREHE ZILIZOKWISHA ANDIKWA

Hata mwenye maabara na jina ana swali moja zito mbele yake, nalo ni muda.

Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulipitishwa Oktoba 2013 nchini Japani na kuanza kutumika Agosti 2017. Uganda iliuridhia mwaka 2019, Tanzania mwaka 2020 na Kenya mwaka 2023. Mwanzoni mkataba ulizitaka nchi zipunguze amalgamu hatua kwa hatua. Mkutano wa mwaka 2022 ulikwenda mbele zaidi: zebaki ya chupa isitumike kwa madaktari wa meno, na amalgamu isiwekwe kwa watoto walio chini ya miaka 15 wala kwa wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari anapoona ni lazima. Novemba 2025, mjini Geneva, nchi wanachama zilikubaliana amalgamu ya meno ikomeshwe ifikapo mwaka 2034. Nchi za Afrika zilikuwa miongoni mwa zilizosukuma jambo hili kwa nguvu.

Umoja wa Ulaya haukungoja. Sheria yake ya mwaka 2024 ilizuia matumizi ya amalgamu na kuiuza nje kuanzia tarehe 1 Januari 2025, na ikaweka tarehe 1 Julai 2026 kuwa mwanzo wa marufuku ya kuitengeneza na kuiingiza, isipokuwa kwa mahitaji maalumu ya tiba. Norway ilikwisha kufunga mlango tangu mwaka 2008.

Muuzaji wa mashine anaweza kujibu kwamba unga wenyewe hauna zebaki, kwa hiyo sheria haiugusi. Jibu hilo ni la ujanja. Ni kweli unga unaweza kusafirishwa bila zebaki, lakini hauna kazi nyingine. Zebaki ikiondoka kwenye kliniki, unga huo ni fedha chafu ya kurudishwa tanurini.

Na mbadala upo tayari. Saruji ya kioo ya kuzibia meno ilitokana na utafiti wa Wilson na Kent mjini London karibu na mwaka 1970. Hapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, ndipo ulipoanza utaratibu wa kusafisha jino kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine wala umeme, na kulijaza kwa vifaa vinavyogandamana na jino lenyewe. Utaratibu huo ulienea duniani, na saruji ya kioo ikawa ndiyo mshirika wake mkuu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza saruji hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu. Mteja wa vijijini, ambaye muuzaji wa mashine atakuahidi, ndiye hasa ambaye mbadala huu ulitengenezewa.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

Ukiletewa pendekezo la mashine za unga wa meno, uliza haya.

Kwanza, ni za kukereza au za kunyunyizia? Kinu cha kukereza mikuo ya meno kina matumizi machache. Mnara wa kunyunyizia una maisha mengine: unaweza kutoa unga wa kulehemu vifaa vya elektroniki, wa bati lenye fedha na shaba kidogo, au unga wa kuungia mabomba. Aloi ya fedha 72 na shaba 28, ile ile iliyotumika katika chembe za mwaka 1963, ni aloi inayojulikana sana ya kuungia vyuma. Hapo unanunua mashine yenye kazi baada ya 2034.

Pili, mashine itarudisha mtaji kwa miaka mingapi? Ikiwa jibu ni kumi, biashara imekwisha kabla haijaanza.

Tatu, madini ya mzunguko wa kwanza yatanunuliwa kwa pesa ya nani? Kama tulivyoona, fedha ya kilo 100 tu ni makumi ya maelfu ya dola. Wengi hukopa kwa ajili ya mashine na kusahau kwamba mtaji wa kuzungushia ndio mkubwa zaidi.

Nne, zebaki imewahi kutumika ndani ya jengo au mashine hizo? Kama kapsuli zilijazwa humo, mabaki yake ni taka ya hatari, na gharama ya kusafisha itakuwa yako.

Kwa anayetaka kubaki karibu na soko hili bila kutengeneza unga, mlango ulio wazi zaidi ni upande wa mabaki. Amalgamu iliyokwisha kuwekwa vinywani haitatoweka mwaka 2034. Itaendelea kutolewa na kubadilishwa kwa miaka mingi, na kila gramu ina fedha ndani yake. Kliniki zinahitaji mitego ya kunasa mabaki kwenye maji machafu, na zinahitaji mtu mwenye kibali wa kuyakusanya na kuyafikisha kwa wasafishaji. Kazi hiyo ina masharti makali ya mazingira, na usafirishaji wake nje ya nchi unaangukia Mkataba wa Basel. Lakini kwa kazi hii, sheria inayomfunga mtengenezaji wa unga inamletea mkusanyaji mzigo.

Kwa ufupi, ofa ya kiwanda cha unga wa meno isipimwe kwa bei ya mashine. Ipimwe kwa vitu vitatu: bei ya fedha, karatasi za maabara, na kalenda. Muuzaji atakuonyesha cha kwanza na kukuahidi cha pili. Cha tatu jihesabie mwenyewe.